Mwezi Mtoro

Saa tisa za usiku, barabara ya Oulu kwenda Kempele,
digrii ishirini na mbili chini ya sifuri,
nami nimefungua dirisha la katapila la theluji,
navua kofia, navua skafu,
navua sweta aliyonifumia mama,
nabaki na fulana kama mpishi mbele ya tanuri.
Moto umeanzia kifuani, ukapanda shingoni,
ukafika masikioni, ukatua humo ukivuma kama mbu.

Kwenye redio ya kazi Jouni, wa gari la mchanga, ananiuliza:
"Virpi, hita yako imeharibika?"
Namjibu: imeharibika tangu mwaka wa tisini na nne.

Maana nilivunja ungo nikiwa na kumi na sita,
wenzangu wakiwa wameshachoka kuhesabu,
kisha mwezi wangu ukatoroka.
Ukaandama Machi, ukaandama Septemba.
Uliwahi kukaa siku kumi na tisa, mgeni asiyejua jembe.
Uliwahi kupotea mwaka mzima,
mama akaanza kufuma soksi za kitoto,
nami sikuwa hata na mchumba.

Daktari wa enzi hizo alichora mviringo kwenye karatasi,
akaupamba pembezoni kwa vishanga vidogo vidogo.
"Hii ovari yako. Kila mara yai hufunga mizigo,
halafu halisafiri."
Karatasi ile ninayo bado,
ndani ya kitabu cha mapishi,
ukurasa wa mikate ya mdalasini
ambayo nimekatazwa.

Sasa nina arobaini na saba.
Dada yangu Mervi, ambaye mwili wake ni saa ya ukutani,
ananiambia: "Hesabu tu. Ukikosa miezi kumi na miwili
mfululizo, umeshavuka."
Nihesabu nini, Mervi?
Arudiye nyumbani kila siku saa kumi,
asiporudi, jirani watajua.
Mtoro akikosekana, nani atapiga kengele?

Nilijaribu, lakini. Nilichora misalaba kwenye kalenda ya benki.
Mwezi wa saba, wa nane, wa tisa.
Wa kumi nikanunua keki ndogo, nikaificha.
Novemba, kwenye kituo cha mafuta,
nikiwa na suruali ya kazi ya kijivu,
ukarudi.
Haukubisha hodi.
Kijana wa kaunta aliniuliza kama nahitaji kingine.
Nilicheka hadi akaangalia pembeni.

Daktari Kettunen ana umri wa binti niliyemkosa.
Alisikiliza bila kutazama kompyuta. Akasema:
"Ni mambo mawili, yanagombea mlango mmoja.
Insulini yako inaita, mwili hausikii.
Estrojeni yako inapanda na kushuka, lifti yenye hitilafu.
Na kule kukaa kwako muda mrefu bila kuona siku zako
si mapumziko: ukuta wa ndani unaendelea kunenepa.
Hatuwezi kuuacha hivyo."

Basi: metformini pamoja na mkate wa shayiri nyeusi.
Kibandiko nyongani, Jumatatu na Alhamisi.
Kidonge cha projesteroni kabla ya kulala,
nami hulala asubuhi, watu wakienda kazini.
Kuinua vyuma mara mbili kwa wiki
katika ukumbi wa shule, na wajane wawili na kasisi.
Kibano cha nywele, kwenye droo ya katapila,
kwa zile nne za kidevuni.
Moja imeota nyeupe juzi.
Nikaitazama kwenye kioo cha pembeni:
kumbe hata ninyi mnazeeka.
Nikaiacha.

Usiku mwingine nalia kwa sababu ya tangazo la jibini.
Usiku mwingine silii, nami siwezi kusema ni dawa
au ni tangazo lililobadilika.

Juu ya misonobari mwezi ule mwingine umetoka,
mzima, kwa saa yake, kama ilivyoandikwa kwenye kalenda.
Hatusemeshani.

"Virpi? Hita vipi?"
Nyuma yangu, pale nilipokwisha kusafisha,
inaanguka tena, laini, bila haraka.
Nafunga dirisha.
Jasho limegeuka baridi mgongoni.
Sasa sweta ya mama nimeitupa wapi?