Mkia wa Sauti

Antena zilikuwa mbili: fupi ya kuongea na kilima,
ndefu ya kuongea na huko mbali.
Ile ndefu tuliiinamisha tukikaribia Makere,
tukaifunga kwa mpira wa baiskeli
isije ikachapa michikichi ya watu.
Watoto waliita Lendrova yetu Panzi.

Redio ilikaa chini ya dashibodi, mahali pa miguu ya abiria,
kwa hiyo kila aliyepanda gari namba saba
alishuka Kibondo goti moja lina ganzi.
Fyuzi ikiungua, Ntahondi alisokota karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara,
akapachika, akasema, "Hii ya Ulaya,"
na kweli taa ya kijani iliwaka.

Kigoma, Kigoma, Saba anaita.
Saba, Kigoma anakupata, endelea.

Huyo ni Domitila. Miaka sita nilimjua kwa koo tu:
ana mafua, anatafuna muhogo,
amenuna na hataki kusema amenuna.
Siku nilipomwona soko la Mwanga, ananunua migebuka,
nilipita kimya. Sura haikufanana na sauti.
Kesho yake akaniuliza hewani, magari kumi na moja yanasikiliza:
"Saba, jana mdomo uliuacha wapi?"

Kati yangu na yeye kulikuwa na kilima, kule Heru,
na juu yake sanduku la bati, betri mbili za lori, kioo cha jua,
na Bitungwa, mlinzi,
aliyelipwa kwa kufuta vumbi kwenye kile kioo.
Sisi tuliliita Ripita. Yeye aliliita Mgeni.
Ukisema linakudaka, linakurusha upya ng'ambo ya mlima,
wewe na kikohozi chako na mngurumo wa injini.
Ukiachia kitufe haliondoki papo hapo.
Linabaki kidogo, shhh,
kama mtu aliyekusindikiza na bado amesimama njiani
anatazama kama utageuka,
halafu: kra. Limefunga.
Kwa mkia ule tulijua tumesikika
hata pasipokuwa na wa kujibu.

Mwaka mmoja likaanza kufa kila Jumamosi, saa kumi jioni.
Domitila alikatika katikati ya neno,
"Saba, mpeleke yule mgo—"
na kimya kikajaa gari zima.
Nikatumwa. Nilipanda na bisibisi, kipimo cha umeme,
na barua ya kumfukuza mtu, imeshapigwa muhuri,
penye jina pameachwa wazi.

Nikamkuta Bitungwa amechomoa waya wa betri
ameuunga kwenye redio ya kaseti,
na wanaume ishirini na wanawake watatu wamechuchumaa kwenye nyasi
wanasikiliza mpira wa Dar.
Hakuna aliyesimama. Mmoja alisogea, nikapata pa kukaa.
Tulifungwa dakika ya themanini na nane.
Waya niliurudisha mwenyewe.
Kwenye fomu, penye sababu ya hitilafu,
niliandika: mawingu.
Ilikuwa Agosti.

Siku hizi Heru kuna mnara mwingine, mrefu,
una uzio na taa nyekundu, hauna mtu.
Panzi aliuzwa kwa mnada, vipande vipande.
Domitila alihamia Uvinza. Namba yake ninayo. Sijapiga.

Nimebaki na kipaza, waya wake wa kujikunja
bado unanuka vumbi na petroli.
Mjukuu wangu Gwimo anabonyeza, anaachia, anabonyeza.
"Babu, mbona hakijibu?"
Kiangazi kikali, mbingu nyeupe kama sahani.
"Mawingu," namwambia,
na kabla sijaondoka
nasimama kidogo.