Dola Mia Tano na Themanini

Nilizimwaga juu ya meza ya jikoni,
noti za plastiki zinazokataa kukunjika, sarafu za kopo la kahawa.
Nilizihesabu mara mbili. Mwanahawa akazihesabu ya tatu.
Nje, Winnipeg ilikuwa nyuzi thelathini chini ya sifuri,
gari limechomekwa waya ukutani kama mgonjwa,
na binti yangu wa miaka kumi na minne
kageuza nyuma ya daftari la hesabu,
anaandika orodha, anakata, anaandika, anakata,
hadi karatasi ikatoboka penye neno *kadi*.

Anataka kadi ya picha. Anaitaja kwa sauti ya mtu mwenye njaa.
Prosesa je? Ya miaka mitatu nyuma, mama, inatosha.
Bodi? Ndogo, isiyo na mataa.
Rami? Vijiti viwili vya gigabaiti nane nane,
viwili, si kimoja kikubwa, vinasaidiana,
kama ndoo: ukibeba moja unapinda kiuno.
Hilo nililielewa.

Na hiki cha chini kabisa, cha umeme?
Hicho chochote tu, akasema, tutachukua cha bei ya kutupa.

Nikaweka kikombe chini.

Gigabaiti sizijui. Umeme naujua.
Kaka yangu Sefu alinunua jenereta ya bei ya kutupa
ikala friji, redio, na nusu ya pazia,
na fundi akacheka huku akipokea pesa.
Ukipenda boga, mwanangu, ua lake ni hili sanduku jeusi
ambalo hakuna anayelipiga picha,
limekaa gizani likiwalisha wenzake wote.
Miaka tisa nafua mashuka ya hospitali, orofa ya chini.
Nalijua sanduku hilo.

Tukapunguza kwenye kadi, tukaongeza kwenye umeme.
Alininunia siku mbili.

Jumamosi tukaenda Transcona, gereji ya mzee Orest,
anauza kadi ya mwanawe aliyehamia Calgary.
Aliichomeka mbele yetu, akavuta kiti,
nusu saa nzima tukatazama feni mbili zikizunguka
kama watu waliokuja kuona mtoto mchanga.
Mia na arubaini, akasema.
Mia, akasema Mwanahawa. Alikuwa amejifunza mbele ya kioo, nilimsikia.
Mia na ishirini.
Nami macho yangu yako rafuni, kwenye kasha la bati
lililopinda ubavu mmoja, limechongwa kwa msumari: TARAS.
Na lile?
Mzee akalitazama kitambo.
Lichukueni tu.

Hewa ya huku majira haya ni kavu, ukigusa kitasa kinakuuma.
Kwa hiyo tulivua soksi, tukaviringisha zulia,
na kila kabla ya kushika kitu tulishika kwanza bomba la hita.
Gundi ya joto, punje moja ya choroko, si zaidi.
Kibano cha prosesa kililia kama mfupa, akafumba macho,
Nimeivunja.
Hujaivunja, nikasema. Sikuwa na hakika.

Saa tano usiku akabonyeza.
Kimya.
Akabonyeza tena, kwa kidole gumba, kwa nguvu,
kisha akakaa sakafuni, akaanza kuzihesabu upya dola zote
kwa midomo isiyotoa sauti.
Nikainama nyuma ya kasha kwa sababu ya mazoea tu:
mashine za kufulia, kwanza unatazama ukutani.
Kulikuwa na swichi ndogo. Duara upande huu, mstari upande ule.
Nikaisukuma kwenye mstari.

Mlio mmoja mfupi. Feni zikavuta pumzi.
Kwenye skrini ya kuazima, maandishi meupe:
*hakuna mfumo uliopatikana.*

Nikadhani imekufa.
Yeye alikuwa anacheka, machozi mpaka kidevuni.
Inatuuliza iwe nani, mama.

Zimebaki dola kumi na moja.
Flashi, anasema, ni tisa.