Kati ya Njegere

Kompyuta ya kiganjani, umri miaka ishirini na miwili,
betri imevimba kama shavu lenye jino bovu.
Kampuni iliyoiunda ilishakufa, matanga yakaanuliwa.

Drahomira, ghorofa ya nne, mjini Olomouc,
bado anaitunzia kiendeshi cha kioo:
mistari mia nne na kumi na moja
inayouambia mfumo mpya,
"Huyu naye ni wetu. Msikilize."

Kila toleo jipya likikaribia, wakubwa huuliza:
Nani anaitumia? Tuifute?
Naye hujibu: Mimi. Na Aslak.

Aslak hajawahi kumwona. Hupima kina cha theluji
huko juu Finnmark, na juzi kaandika:
"Baridi ikizidi, nagusa hapa, alama inatokea kule."

Basi usiku huu kaitia kwenye friza,
kati ya njegere na samaki wa Krismasi,
waya umechungulia mlangoni kama mkia wa panya.
Anangoja. Chai imepoa.

Kosa likajitokeza.
Akacheka peke yake, jirani akagonga ukuta.

Asubuhi atabadilisha mstari mmoja,
na penye maelezo ataandika tu:
imejaribiwa, nyuzi kumi na nane chini ya sifuri;
watumiaji wawili, wote wazima.