Vikombe Sita

Vilikuwa sita, vyenye ukingo wa dhahabu.
Vilitoka Kitwe vimefungwa ndani ya blanketi
baba alipopata likizo yake ya kwanza mgodini.
Mama akavipanga kabatini, chumba cha mbele,
chumba ambacho sisi wenye nyumba
tulikiingia na ufagio tu.

Mji wetu ulikuwa mdogo, mvua yake kubwa.
Tukuyu: ukungu ukiingia dukani kabla ya mteja,
na hujafika kwa Mwakipesile fundi cherehani
habari za gauni lako zimeshapimwa,
zimekatwa, zinavaliwa sokoni.

Mwinjilisti alipewa kikombe na sahani yake.
Karani wa Ushirika, kikombe, na sahani yenye ufa,
tangu alipokosea kilo za kahawa yetu.
Shangazi Tupokigwe, aliyeolewa akarudi,
akaolewa tena akarudi tena,
alikunywa kwa kopo la bati, jikoni, karibu na moto,
na vicheko vyote vya nyumba ile
vilikuwa huko jikoni.

Lakini siku ya soko alikuja babu, baba wa baba.

Tulimjua kwa fimbo yake kwenye mawe ya njia.
Mama aliitambua kabla yetu.
Aliacha unga mikononi, akapita mlango wa nyuma,
akasimama nyuma ya ukuta wa jikoni
kama mtu anayejificha mvua palipo na jua.
Mkwe haonwi. Jina lake halitajwi.
Ndivyo walivyomfunza alipoletwa,
na hakuna aliyemwambia mwisho wake lini.

Basi mimi nilikuwa daraja.
Miaka saba, miguu mitupu, trei mikononi.
"Mwulize kama sukari inatosha."
"Mwambie inatosha. Mwulize mwanangu ameandika?"
"Mwambie ameandika. Anakohoa kidogo."
"Mwambie achemshe majani ya mpera ampelekee."
Nikacheka: Kitwe itapelekewaje maji ya moto?
Hawakucheka. Kila mmoja upande wake wa ukuta
alinyamaza urefu uleule.

Mwaka ule mvua ilipobeba daraja la chini
barua hazikuja miezi minne.
Babu alikuja hivyo hivyo, kwa kuzunguka mlimani,
akakaa, hakuuliza kitu.
Alipoondoka, kikombe kilikuwa kimeoshwa.
Mwanaume wa umri ule, alitoka barazani
akakinga maji ya bati, akakisuuza,
akakirudisha juu ya sahani, mdomo chini.
Mama alikigeuza. Ndani palikuwa na shilingi mbili.
Alikaa chini kwenye sakafu ya chumba cha mbele,
mara ya kwanza namwona amekaa humo,
na hakukaa hata kwenye kiti.

Baba alirudi, akaondoka, akarudi na kifua kibovu.
Vikombe vikawa vinne. Shangazi akaolewa tena,
safari hii akakaa.

Babu alifariki wakati wa kuchuma chai.
Walimlaza kwetu, kwa sababu ya barabara,
chumba cha mbele, meza imesukumwa ukutani.
Wanawake walilia. Mama alisimama mlangoni,
mguu mmoja ndani, mmoja nje,
mpaka shangazi akamshika kiwiko:
"Ingia, mwenzangu. Sasa hakuoni."

Aliingia. Alimtazama kwa muda mrefu
kama mtu anayesoma barua aliyosomewa na wengine
miaka kumi na tisa.
Kisha akanigeukia, akanong'ona,
kana kwamba bado nilipaswa kumpelekea jibu:
"Kumbe alikuwa mfupi hivi?"

Nikasema ndiyo, mama.
"Na hili kovu la kidevuni?"
La ng'ombe, nikasema. Alinisimulia.
"Hukuniambia."

Hukuniuliza, nilitaka kusema.
Nikaenda kabatini kutoa kikombe,
nikasimama nacho,
sijui nampelekea nani.