Thumuni Tano za Inchi

Silinda kuu ya breki ya mbele ilianza kulia mwezi wa Machi,
chozi moja kila usiku chini ya mpini wa kulia,
na mafuta ya breki hayana haya: yalipotua
yalikula rangi ya tangi, bati likachungulia
kama goti la mtoto aliyeanguka.

Siku ile nashuka Goldthorn Hill, mvua ya rasharasha,
nikashika breki, nikashika tena,
nikaikamua kama shuka la kufua kwa mkono,
nayo pikipiki ikateremka na mawazo yake
mpaka kwenye kiplefti, ambako dereva wa lori la maziwa
alinitazama kama asomaye jina kaburini.

Bwana Haywood, jirani, aliniuzia kwa mafungu, pauni ishirini ishirini,
kabla mapafu yake hayajagombana na ngazi.
Norton ya mwaka sabini na nne,
iliyoundwa papa hapa Wolverhampton.
"Breki yake ngumu," alisema. "Ndivyo zilivyo. Shika kiume."

Mimi ni muuguzi wa chumba cha upasuaji.
Glavu zangu ni namba sita.

Nikaanza kutafuta.
Terry Pugh wa Dudley alikuwa nayo ya asili,
ndani ya boksi lake, haijaguswa tangu kiwandani,
tundu lake thumuni tano za inchi kamili,
na bei ya kumfanya mtu akae chini.
Ukipenda boga, penda na ua lake, najua.
Lakini mpira wa miaka hamsini ni biskuti,
na ugumu ule ule ungekuja nao, umefungwa kwa karatasi ya nta.

Ya kisasa ilikuwa nusu bei,
kikombe chake cha plastiki, king'avu,
ikikaa pale juu kama meno mapya
kinywani mwa bibi aliyekwisha kuzoea mapengo.
Niliijaribisha, nikacheka, nikairudisha.

Mkereza mmoja wa Smethwick, Gurdip Sahota,
hakuniuzia kitu. Aliipindua ile yangu inayolia,
akachungulia tundu lake kwa tochi, akasema:
"Hii hii. Nitaivisha ala ndani ya ala,
chuma kisichojua kutu, milimita kumi na tatu.
Tundu likipungua, nguvu ya mkono inazidi kwa nusu."
Akatafuta mfano wa kunielewesha. Nikamzuia.

Maana bomba dogo la sindano, nimelijua miaka ishirini:
la mililita tano hupasua mrija
ambao la hamsini, kwa kidole kile kile, lingeubembeleza.
Nimewaonya wanagenzi wangapi!
Na sijawahi kufikiri kwamba mlimani
nilikuwa nimeshika bomba kubwa.

Ilirudi kwa posta siku ya Jumanne, nzito, imefungwa gazetini.
Nahida akashika kipini, mimi nikapiga magoti
na mrija wa plastiki ndani ya chupa ya jemu.
Bana. Shikilia. Nafunga. Achia.
Viputo vikapanda kimoja kimoja, kwa kiburi,
na kila tulipodhani kimebaki cha mwisho
kilikuwa na ndugu.
Saa nne za usiku tukala mkate mkavu, tumesimama.

Asubuhi Bwana Haywood alifika kwenye uzio,
mtungi wake wa hewa nyuma yake kwa magurudumu.
"Bado ngumu?"
Nikasukuma pikipiki hadi kwake,
nikamwekea vidole viwili juu ya kipini,
vidole vinavyomwaga chai siku hizi.
Akabana. Gurudumu likagoma pale pale,
uma za mbele zikainama kidogo.

Alikaa hivyo kwa muda, hakuachia.
"Miaka yote ile," akasema,
"na mimi nilidhani ni kipimo cha mtu."

Taa ya breki haiwaki, lakini.
Waya fulani nimeusahau. Kesho nina zamu ya usiku;
keshokutwa, mvua ikipenda.