Kifungo cha Tatu

Ijumaa usiku Mabatini, kwenye banda la video la Mazigo,
vijana wanaijua ile filamu kuliko sala.
Jambazi akiinua panga, banda zima linamtangulia kusema:
"Kata kwanza, maswali kesho!"
na karanga zinamwagika kwa kicheko.

Wanaipenda pamoja na makosa yake.
Wameyahesabu, kumi na moja,
wanayataja kwa vidole kama majina ya wadogo zao.
Hadithi ni ya mwaka themanini na nne,
mnara wa simu umesimama juu ya Capri Point.
Noti zinazotapakaa sakafuni
zilichapwa miaka ishirini baadaye.
Msukuma anaingia ofisini na jogoo kwapani,
anaamkia "mwangaluka" saa sita ya usiku.
Kosa ni saa. Jogoo hawamhesabu.
Na la kumi na moja, koti la mlinzi aliyegeuka jambazi:
halina kifungo cha tatu.
"Fundi alilewa!" na banda linapasuka.

Fundi ni mimi.

Cherehani yangu iko Makoroboi, mlango wa bluu.
Alishuka jamaa mwenye miwani, mgeni wa mji,
akasema, nishonee koti la Mkurya.
La Mkurya likoje?
La kuogofya, mama. Liwe pana,
rangi ya damu iliyokauka.
Akanihesabia elfu sitini.
Nilikuwa na pini mdomoni,
na fundi mwenye pini mdomoni hasemi.
Nilizipokea.

Mwenye koti nilimjua.
Ryoba Gesase, mlinzi wa kinu cha pamba,
alipanga chumba cha uani kwa mama, Kirumba.
Akiomba chumvi, sharti umsogelee ndiyo umsikie.
Alipanda mchicha nyuma ya kibanda cha lindo.
Aliogopa mbwa.
Mlinzi, anaogopa mbwa!
Tulimcheka sana, na yeye alicheka nasi.

Usiku ule walimfunga kwa kamba za marobota.
Alipuliza filimbi mpaka wakamtoa meno mawili.
Mkono wa mtu ulivuta koti lake la kaki,
kifungo kikaruka,
asubuhi kikaokotwa kando ya sanduku tupu.
Kifungo kikamletea kifungo:
miezi saba Butimba.
Mwizi alikuwa mhasibu.
Kabila lake silitaji,
na hata siku alipokamatwa hakuna aliyeliuliza.

Ryoba alirudi na koti lilelile.
Mama akamwambia, lete, ni kifungo kimoja tu,
uzi ninao.
Akasema, acha, mama Mbuke.
Hapo napitisha hewa.

Kwenye filamu ana chale mashavuni,
anachinja watatu, anapangusia panga kwenye pamba.
Kinuni hakufa mtu usiku ule.
Hakufa hata kuku.

Juzi mjukuu wake, Muhere, anayesomea uuguzi Bugando,
alitafuta chumba Nyakato.
Mwenye nyumba alisoma jina kwenye kitambulisho,
akatabasamu vizuri kabisa:
"Kata kwanza, eh?"
Chumba kikawa kimeshapata mtu.

Basi Ijumaa nikalipa mia tano yangu,
nikakaa benchi la nyuma, magoti kwenye mgongo wa kijana.
Vidole vikapanda: mnara, noti, saa.
Walipofika kwenye koti nikasema,
hilo si kosa.
"Mama, tunaangalia sinema!"
Nikasema tena. Mmoja aligeuka,
akanitazama kama mtu aliyepotea njia ya sokoni,
akarudisha macho mbele.

Koti likapita kwenye kioo, pana, jekundu,
uongo mtupu kuanzia kola hadi pindo,
na kila mshono ni wa mkono wangu.
Ila pale kwenye tatu nilifungua tundu,
nikapiga uzi fundo,
nikaacha.

Hapo panapita hewa.