Ishirini na Tisa Mara Sita

Chuo cha Yorkton, ukumbi wa mazoezi,
Jumanne na Alhamisi, saa moja asubuhi.
Nje ni nyuzi thelathini chini ya sifuri;
magari yamechomekwa nyaya za umeme yasigande,
yamejipanga ukutani kama ng'ombe kwenye hori.

Ndani, wasichana ishirini na wawili,
na mimi, Bohdan Wasylyk, miaka hamsini na mitatu,
kaptura ya mwanangu, soksi za kuvalia buti,
tumbo limenitangulia kuitika jina.

Sikuja kwa kupenda. Kwenye ratiba yangu ya uhasibu
lilibaki tundu dogo la kuzibwa,
na daktari Pelletier aliitazama karatasi ya moyo wangu
jinsi mnunuzi anavyotazama ngano iliyonyeshewa.
"Chagua," akasema, "kuruka sasa au kulala mapema."

Mwalimu, Darlene Hnatiuk, mfupi, mkavu kama msumari,
akabonyeza redio, ngoma zikalia, akaita:
"Kulia! Kulia! Goti! Geuka!"
Wote kulia, mimi kushoto.
Wote wamegeuka, nami nawatazama usoni
mmoja mmoja, kama mgeni rasmi anayekagua gwaride.
Nilisema samahani mara kumi na moja. Nilihesabu;
mimi mtu wa hesabu.

Kisha muziki ukakatwa.
"Vidole shingoni. Sekunde kumi."
Sijapata kusikia kimya cha namna ile:
watu wamesimama, jasho linachuruzika,
kila mmoja ameshika shingo yake mwenyewe
kana kwamba anasikiliza simu ya mbali.
Ishirini na tisa. Mara sita: mia moja sabini na nne.
Hodi ile naijua.
Ndivyo alivyobisha mtu wa benki mwaka tuliouza shamba,
kwa ngumi, barua mkononi,
naye anajua umo ndani.

Nyumbani nilishuka ngazi kinyumenyume, nimekumbatia ukuta.
Halyna mke wangu alicheka hadi akakaa chini,
halafu akanikanda mapaja kwa kafuri, bado anacheka.
"Umepakia majani ya ng'ombe miaka thelathini," akasema,
"leo umeshindwa na redio."

Neno lile halikunitoka. Kupakia.
Robota: inua, geuka, rusha.
Baba chini, mimi juu ya tela,
na mguu ulijua wenyewe pa kukanyaga.
Alhamisi nikaacha kuchungulia miguu ya wenzangu,
nikarusha marobota yasiyokuwapo.
Inua, geuka. Inua, geuka.
Kulia kukawa kulia.

Februari, dhoruba. Barabara imefungwa,
Darlene amekwama Melville.
Ukumbini tuko wawili: mimi na Janelle Bighetty,
Mkrii wa kaskazini, asimamaye siku zote
karibu na mlango, asiyesema.
Nilidhani tutaagana. Akavua koti.
"Unazikumbuka hatua?"
"Zote," nikasema, nikajishangaa.
Redio imefungiwa kabatini, basi nikahesabu kwa sauti,
kwanza kwa Kiingereza, kisha, pumzi ilipobana,
kwa Kiukreni, lugha niliyofundishwa kuhesabia magunia.
Yeye akaitikia kwa Kikrii.
Viatu vyetu vililia juu ya mbao kama panya.

Kwenye kioo nikaona mzee anakwenda kulia
na msichana anakwenda kushoto.
Akasema samahani.
Nikamwambia, "Zimebaki kumi."

Sijakonda sana. Mkanda umerudi matundu mawili,
na kaptura mwanangu amekataa kuipokea.
Leo ni siku ya mwisho. Vidole shingoni.
Ishirini na moja. Mara sita, piga mwenyewe.
Unabisha bado, moyo, sikatai,
ila siku hizi kama jirani aliyekuja kurudisha ngazi:
mara mbili, taratibu,
kisha anangoja nje, anakung'uta theluji viatuni.